Kuokoa michoro ya ukutani katika majengo ya kale ya Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa warsha ya kujitolea

Nyota ile ilikuwa ya buluu, upana wake kama kiganja cha mtoto, juu ya upinde wa madhabahu. Nilipanda ngazi na kitambaa kibichi, nikaifuta vumbi mara moja tu. Kitambaa kikashuka na buluu yote. Ukutani likabaki doa jeupe. Hakuna aliyenikaripia, maana sote tuliokuwa mle kanisani tuliamini kufuta vumbi ni kusaidia. Rangi ile ilishikwa na gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi ya namna hiyo huachia ikiguswa na maji hata ikiwa imekaa ukutani miaka mingi.

Tangu siku hiyo, kila warsha ninayoshiriki kuiongoza huanza na mikono mifukoni. Watu wanaojitolea huja na moyo, na moyo unataka kufanya kazi ionekane. Kazi yetu ya kwanza ni kuituliza mikono hiyo hadi macho yamalize kusoma ukuta.

Huku kwetu majengo ya kusoma yapo. Wamoraviani walifungua Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakajenga vituo vyao Unyakyusa, Ukinga na Ubena, Wabenediktini wakaanzisha Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1919 Wakonsolata kutoka Italia wakafika Iringa na kuendeleza Tosamaganga. Ongeza maboma ya Wajerumani, misikiti na jamatkhana (nyumba za ibada za Waismailia) za mijini, maduka ya zamani yenye milango ya nakshi. Na kabla ya wote hao, Wanyakyusa walikuwa wakipamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi. Urembo wa makanisa ya misheni mara nyingi ni wa kawaida sana: mkanda wa maua uliopigwa kwa kibati kilichokatwa, aya ya Biblia kwenye upinde, nyota darini, msalaba ndani ya duara. Si michoro ya kusafiriwa kutoka Ulaya kuja kutazamwa. Lakini mara nyingi kibati kile kilishikwa na fundi wa hapa hapa, ambaye jina lake halikuandikwa popote, na mkanda ule ndio saini yake.

Adui mkubwa wa michoro hii si mvua wala mchwa. Ni jubilei. Kanisa linatimiza miaka kadhaa, kamati inaundwa, vijana wananunua ndoo za rangi ya maji na rola mbili, na kufikia Jumamosi jioni ukuta mzima ni krimu. Wamefanya hivyo kwa upendo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wenye upendo kama huo.

Mwenye jengo, sheria, na chai ya kwanza

Usianze na barua. Nenda ukasalimie. Ukiwa Iringa au Njombe, "kamwene" ikitoka vizuri hufungua mlango ambao muhuri haufungui. Kaa na mchungaji au paroko, wazee wa kanisa, akina mama wanaofagia mle ndani kila Jumamosi. Hao wa mwisho ndio wanaojua dari linavuja wapi na rangi ilianza kudondoka mwaka gani. Waulize kabla ya kumuuliza mhandisi.

Kisha ndiyo barua: kwa dayosisi au baraza linalomiliki jengo, na nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa yakitangazwa rasmi. Maana yake ni kwamba karibu kila jengo la misheni huku kwetu linaangukia upande usiolindwa mpaka litangazwe, na linaweza kupakwa rangi kesho bila mtu kuvunja sheria. Kama jengo lenu limeshatangazwa, msiguse hata msumari kabla ya kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Kama halijatangazwa, waandikieni hata hivyo. Ushauri wao unafaa. Boma la Iringa, jengo la enzi ya Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, ni mahali pazuri pa kuwapeleka washiriki siku moja kabla ya warsha, wakaone jengo kuukuu linavyoweza kupewa kazi mpya bila kufutwa sura.

Jambo moja lisiwe na mjadala: awepo mtaalamu aliyesomea uhifadhi, walau mmoja kwa kila washiriki watano au sita. Bila yeye, fanyeni hatua za kuandika, kupiga picha na kuzuia maji, mkaishie hapo. Hiyo nayo ni warsha kamili, na mara nyingi ndiyo inayookoa zaidi.

Msimu

Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Iringa unaweza kuanza Juni. Tukuyu ngoja Agosti, kwa sababu kule mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na ukuta ulioloa hauwahi kukauka mwezi Juni. Mbeya mjini Juni na Julai usiku ni baridi kali, na chokaa haishiki vizuri joto likikaribia nyuzi 5. Fanyeni kazi ya lipu kuanzia saa nne asubuhi, mwache saa tisa alasiri. Iringa shida ni upepo: hukausha chokaa kabla haijashika. Fungeni madirisha, tundikeni magunia mabichi.

Kusoma ukuta

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, nami huipa siku nzima hata warsha ikiwa ya siku nne.

Gaweni ukuta kwa uzi na alama za karatasi sakafuni (kamwe msibandike kitu kwenye mchoro) mpate miraba ya mita moja: A1, A2, A3, mstari wa juu yake B1, B2. Kila mraba upigwe picha tatu kwa simu: moja kwa mwanga wa kawaida, moja ya karibu ikiwa na rula pembeni, na moja ya tochi iliyolazwa kando ya ukuta mpaka mwanga wake uparuze uso wa lipu. Hiyo ya tatu zimeni taa zote. Mtaona vitu ambavyo macho ya mchana hayaoni: lipu iliyovimba kama chapati, magamba ya rangi yaliyonyanyuka ncha, na mara nyingine, chini ya rangi ya krimu, mgongo wa ua la zamani ukijitokeza. Nimewahi kumwona mzee wa kanisa akiweka kofia yake chini na kukaa kimya mbele ya mwanga huo, kwa kuwa alikuwa amelikumbuka lile ua tangu utoto wake, na wenzake walimwambia amelota.

Kisha gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole, sikio karibu. Panapotoa sauti nzito iliyojaa pameshika. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali. Andikeni yote kwenye mchoro wa ukuta: kalamu nyekundu kwa rangi inayodondoka, bluu kwa unyevu, njano kwa chumvi, nyeusi kwa lipu tupu. Washiriki wawiliwawili, mmoja aangalie, mwingine aandike, baada ya saa moja wabadilishane. Mwalimu wa sayansi kimu akishirikiana na mwendesha bodaboda, ndani ya saa mbili wanajua ukuta ule kuliko mtu yeyote aliyewahi kusali pale.

Msiseme "imechakaa". Semeni nini kimetokea, wapi, kwa ukubwa gani. "B3, pembe ya kushoto chini, rangi nyekundu imenyanyuka eneo la sentimita 12 kwa 5, lipu chini yake ngumu." Hivyo ndivyo mtu atakayekuja miaka ishirini ijayo atakavyojua kama hali imezidi.

Maji kwanza

Msiguse rangi kama maji bado yanaingia. Tokeni nje, mzunguke jengo mkiangalia juu: vigae vilivyoteleza, gata lililojaa majani, mti uliootea kwenye ufa. Halafu angalieni chini. Majengo mengi ya misheni yana matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu wa ardhini hupanda kidogo na kutokea kwenye lipu. Baadaye akaja mtu mwema akazungushia lipu ya saruji kimo cha mita moja ndani na nje, ili "kuimarisha". Saruji ikaziba njia. Maji sasa hupanda hadi juu ya saruji na kutokea hapo, mara nyingi palepale mkanda wa mapambo ulipo. Yanapokauka huacha chumvi, chumvi hukua ndani ya vitundu vya lipu kama fuwele, na fuwele huisukuma rangi nje. Ule unga mweupe mnaouona ni huo.

Kwa hiyo siku ya pili watu wenye nguvu huwa nje: wanasafisha gata, wanachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, wanashusha udongo uliorundikana ukutani. Kuondoa saruji ya zamani ni kazi ya fundi mwenye subira, kwa patasi ndogo. Ikivutwa kwa nguvu huondoka na uso wa tofali. Na chumvi msiioshe. Maji huirudisha ndani. Ifagieni kwa brashi laini kavu, ipokeeni kwenye karai, mkaitupe mbali. Mkiiacha chini ya ukuta itanyonywa tena mvua zikianza.

Usalama, kwa kifupi lakini kwa dhati

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo msasa mkavu ni marufuku. Kinyesi cha popo hubeba vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu: lowesheni kwa kinyunyizio kabla ya kukizoa, vaeni barakoa za N95, si kitambaa. Jukwaa lijengwe na fundi anayejua, kwa mirunda iliyonyooka na mbao nene, lisimame bila kuegemea ukuta wenye mchoro. Chakula kiliwe nje.

Kusafisha

Anzeni na brashi laini ya nywele, pana, mkono ukienda juu kuelekea chini, na kifyonza vumbi kikiwa karibu lakini kisiguse, mdomo wake umefunikwa kwa chandarua ili gamba likidondoka libaki kwenye chandarua. Gamba lolote linalopatikana liwekwe kwenye bahasha yenye jina la mraba. Masizi ya mishumaa na kandili huondolewa kwa spanji kavu ya mpira: unaigusisha na kuivuta, husugui, na uso wake ukiwa mweusi unakata kipande kipya.

Maji yaje baadaye, na baada ya jaribio tu. Chukueni kijiti, zungushieni pamba kichwani, loweka kwa maji safi yasiyo na madini, kamueni mpaka karibu kikauke, kisha kiviringisheni mahali pamoja pa ukubwa wa ukucha, pembeni kabisa. Kuviringisha, si kusugua. Pamba ikirudi na kijivu, hilo ni vumbi. Ikirudi na buluu au nyekundu, acheni: ukuta huo utasafishwa kikavu tu, hata kama utabaki na wingu la moshi. Jaribu kila rangi peke yake, maana kwenye mkanda mmoja kijani inaweza kuvumilia na nyekundu isivumilie. Kwa rangi ya mafuta kwenye mbao, mate ya binadamu husafisha vizuri kuliko maji; yana vimeng'enya vinavyosaidia kulegeza uchafu. Watu hushangaa, lakini wahifadhi wa makumbusho makubwa hufanya hivyo. Baada ya hapo pitisheni pamba yenye maji safi.

Sabuni ya unga, jiki, limau, mafuta ya taa: visiingie mlangoni.

Na ile rangi ya krimu ya jubilei? Najua hamu ilivyo. Mkiona ua linachungulia chini yake, mikono inawasha. Washiriki wasiliguse. Mtaalamu anaweza kufungua dirisha moja la sentimita tano kwa tano kwa kisu cha upasuaji, mahali ambapo krimu tayari imebanduka, ili kujua kilichopo na kama kinaweza kutoka kizima. Dirisha hilo lipigwe picha, liandikwe, liachwe. Rangi iliyofunikwa inaweza kungoja. Iliyokwanguliwa haiwezi.

Kushikiza kinachodondoka

Gamba la rangi lililonyanyuka hulazwa tena kwa kupitisha gundi nyepesi kupitia karatasi. Karatasi ya kazi hii ni ile nyembamba yenye nyuzi ndefu, inayotengenezwa Japani. Mkiikosa, vifuko vipya vya majani ya chai, vile vinavyofungwa kwa kukunjwa badala ya kugandishwa kwa moto, vina karatasi ya namna hiyo hiyo, na katika wilaya za Mufindi na Rungwe chai haikosekani kabisa. Mwageni majani, kateni vipande vya sentimita nne. Wekeni kipande juu ya gamba kavu, pitisheni gundi ya uvuguvugu kwa brashi laini kutoka katikati kwenda pembeni, ngojeni dakika chache gamba lilainike, kisha likandamizeni kwa spanji iliyokamuliwa, kupitia kipande cha plastiki laini. Linakaa. Sauti ya chumba hubadilika wakati huo. Watu huacha kuongea wenyewe.

Gundi gani? Iringa kwenye ukavu, gelatini ya jikoni gramu 2 au 3 kwa mililita 100 za maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Tukuyu na milima ya Livingstone gelatini hualika ukungu, hivyo tumieni methili selulosi, ile inayotumika kubandikia karatasi za ukutani, iliyochanganywa nyepesi. Mahali pa chumvi pasishikizwe kabla chumvi haijatoka. Nyuma ya karatasi kuna kanuni inayotuongoza kote: tumia kile ambacho mwingine ataweza kukiondoa. Ndiyo sababu gundi nyeupe ya seremala haifai hapa, japo ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Ikikauka ukutani hairudi nyuma.

Lipu inayolia debe tupu hujazwa kwa bomba la sindano. Mchanganyiko ni chokaa iliyozimwa na kulowekwa shimoni walau miezi mitatu, pamoja na unga wa tofali lililochomwa, vyote vikichujwa kwa kitambaa cha soksi ya nailoni. Badala ya unga wa tofali, ukanda wa Rungwe una zawadi yake: yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, yakisagwa laini, huifanya chokaa ishike hata mahali pasipo na hewa. Tafuteni ufa uliopo tayari badala ya kutoboa. Pigeni kwanza maji yenye spiriti kidogo ili njia ilowe, halafu mchanganyiko, kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu, mkono wa mwenzako ukiwa umeukinga ukuta kwa spanji. Mkijaza kwa pupa, uzito wa maji utaiangusha lipu yote mikononi mwenu.

Mashimo makubwa yasiyo na mchoro yapigwe lipu ya chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali, tabaka lisizidi sentimita moja, likae kidogo ndani ya kimo cha lipu ya zamani, lifunikwe gunia bichi kwa siku tano au zaidi. Fundi wa mtaani atataka kutia saruji kidogo "ishike haraka". Mweleze sababu mkiwa mmesimama mbele ya ile chumvi. Akiiona kwa macho ataelewa, na yeye ndiye atakayeitwa kurekebisha kanisa lijalo.

Kujaza rangi, au kutojaza

Hapa ndipo ugomvi huzuka, na waumini wana haki ya kusikilizwa: hawataki kusali mbele ya madoa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unasema urekebishaji lazima usimame pale kukisia kunapoanzia. Ua lililokosa petali moja kati ya sita, na jirani zake wote ni wa kibati kimoja, si kukisia. Uso wa mtakatifu uliotoweka ni kukisia, usichorwe. Herufi tatu za aya zilizopotea, Biblia ya toleo la wakati ule ikithibitisha tahajia, zinaweza kurudi.

Kwa vipengo vidogo, kuna njia iliyobuniwa Roma miaka ya 1940 na taasisi iliyoongozwa na Cesare Brandi: kujaza kwa mistari myembamba ya wima, ya rangi ya maji ya wasanii, iliyopangwa kando kando. Ukiwa kwenye benchi jicho linaona ua zima. Ukisogea hatua mbili unaona mistari, unajua hiki ni cha zamani na hiki ni cha juzi. Washiriki huizoea kwenye kipande cha ubao uliopakwa chokaa, nusu siku nzima, kabla ya kuruhusiwa kugusa ukuta. Wengi mkono hauwi mwepesi, na si aibu. Wao watachanganya chokaa. Mapengo makubwa yapakwe tu chokaa ya maji yenye udongo au ngeu kidogo, rangi iliyofifia kuliko ya jirani, yatulie yasipige kelele.

Mtu mmoja kwa siku moja ashikize eneo lisilozidi nusu mita ya mraba. Akimaliza zaidi ya hapo, kaangalieni alichofanya.

Kuondoka

Siku ya mwisho pigeni tena picha za kila mraba, kwa pembe zile zile. Andikeni kwa Kiswahili chepesi kila kilichotumika, kiasi gani, wapi, na nani. Nakala tatu: moja ofisi ya kanisa, moja kwa afisa utamaduni, moja kwa mtaalamu. Magamba yaliyobaki kwenye bahasha yakabidhiwe kanisa pamoja na ramani yake.

Kisha wafundisheni wale akina mama wa Jumamosi mambo manne: ufagio usiegemezwe ukutani, mchoro usifutwe kwa kitambaa, mishumaa isogezwe hatua mbili kutoka ukutani, na wakiona unga mweupe wapige picha kwa simu na kuwatumia ninyi picha hiyo. Kubalianeni tarehe ya kurudi, wiki ya pili ya Mei, mvua zikiisha, na tochi ile ile. Mtaanza na A1.